Mlango Kwanza, Kijiwe Baadaye

Saa 12 na robo asubuhi, mwakilishi (CR) wa darasa la mwaka wa kwanza anaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba kipindi cha saa 2 hakitakuwa pale palipoonyeshwa kwenye ratiba, kimehamia kumbi za Yombo. Ujumbe ni wa mstari mmoja. Kufikia saa 1 na nusu umeshasukumwa juu huko, na chini yake wamejipanga mtu anayeuza pasi ambayo haijatumika sana, pole kumi na saba za msiba wa mzazi wa mwenzao, stika za kuchekesha, faili la PDF ambalo lilitumwa jana na juzi, na swali moja lililoulizwa na watu watatu kwa nyakati tofauti: "Jamani, kipindi kipo wapi?" Anayeuliza si mvivu wa kusoma. Alizima data usiku kucha ili bando lisiliwe, na alipoiwasha jumbe mia na ushee zikamiminika kwa pamoja. Saa 2 inapogonga, sehemu ya darasa iko Yombo na sehemu nyingine imekaa kwenye ukumbi mtupu ikimsubiri mwalimu. Mwanafunzi wa Mlimani, wa Dodoma, wa Mzumbe au wa Kenyatta atalitambua tukio hili bila kuelezwa zaidi, na anayetaka kubuni mtandao wa kijamii wa wanafunzi wa vyuo vikuu kwenye simu angefanya vyema kulitazama kwa makini kabla hajachora hata kitufe kimoja.

Wabunifu wengi huanzia kwingine. Huanza na ukurasa wa mtu na picha yake, kisha "like", kisha ufuasi, kisha mtiririko wa habari usio na mwisho, yaani wanaichukua nyumba ya Facebook au Instagram, wanaibandika nembo ya chuo na kusubiri wageni. Hoja ya safu hii ni kwamba mtandao wa wanafunzi huanza na mlango: nani anaingia, anaingia kwa utambulisho gani, anaonekana na nani akishaingia, na anatoka lini. Mengine yote, hata yale yanayopendeza macho, yanategemea namna maswali hayo manne yalivyojibiwa. Mlango ukiwekwa vibaya, hakuna pambo la ndani litakaloiokoa nyumba.

Ushahidi wa kwanza ni Facebook yenyewe, ambayo watu husahau kwamba ilizaliwa ikiwa mtandao wa chuo kimoja. Ilipofunguliwa tarehe 4 Februari 2004 katika Chuo Kikuu cha Harvard, hukuweza kujiunga bila barua pepe ya chuo hicho. Zilipoongezwa Stanford, Columbia na Yale, kila chuo kilikuwa na ukuta wake, na kwa kawaida uliowaona ni watu wa chuo chako. Programu za kuweka picha na orodha ya marafiki zilikuwepo tayari, Friendster na MySpace zikiwa zimetangulia. Kilichokuwa kigeni ni uhakika kwamba jina unaloliona ni la mtu halisi ambaye kesho mtapanga naye foleni ya chakula. Watu waliandika majina yao kamili, kozi zao na namba za vyumba vyao kwa sababu walijua nani yumo ndani. Tarehe 26 Septemba 2006 mlango ukafunguliwa kwa kila mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea, wazazi wakaingia, waajiri wakaingia, na kidogo kidogo wanafunzi wakahamishia mazungumzo yao ya kweli mahali pengine. China walipita njia hiyohiyo kwa jina lililo wazi zaidi. Mwaka 2005 Wang Xing na wenzake walianzisha Xiaonei, maana yake "ndani ya chuo". Mwaka 2009 mtandao huo ukabadilishwa jina ukaitwa Renren, yaani "watu wote". Kampuni iliuza hisa zake New York mwaka 2011 kwa kishindo, na mwaka 2018 mtandao wenyewe ukauzwa kwa dola milioni 20 taslimu na hisa kiasi, fedha ambayo kwa kampuni ya ukubwa ule ni kama nauli ya kurudi nyumbani.

Mfano wa Afrika una funzo la ziada. Mwaka 2007 wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walianzisha 2go, na wazo lao la mwanzo lilikuwa dogo na la maana: wanafunzi washirikishane ratiba za vipindi kwa simu. Lilikuwa jambo ambalo mtu alilihitaji kila asubuhi, kwenye simu ndogo za vitufe, kwa gharama ya senti. Baadaye 2go ikaacha ratiba ikawa uwanja wa kuchati na watu usiowajua, ikapata mamilioni ya watumiaji hasa Nigeria, kisha simu janja na WhatsApp zikaja zikaisomba. Uwanja wa kuchati unashindana na kila uwanja wa kuchati duniani. Ratiba ya darasa lako haina mshindani, maana hakuna kampuni ya California itakayohangaika kujua kwamba kipindi kimehamia Yombo.

Kuna jambo jingine kuhusu mlango ambalo wanafunzi wa Marekani walilifundisha bila kukusudia. Mapema Septemba 2006, wiki chache kabla ya kufungulia dunia, Facebook ilianzisha mtiririko wa habari: badala ya kwenda ukurasa wa mwenzako kuona amebadilisha nini, mabadiliko yenyewe yakawa yanaletwa mbele yako. Kampuni ilijitetea kwamba hakuna siri mpya iliyofichuliwa, kila kilichoonyeshwa kilikuwa kinaonekana tangu zamani. Hata hivyo mamia ya maelfu ya wanafunzi walijiunga kwenye kundi la kupinga ndani ya siku chache, na walikuwa na hoja. Mtu akiachana na mchumba wake, kuna tofauti kati ya jirani kuligundua mwenyewe na jirani kutangaziwa kwa kipaza sauti. Taarifa ni ileile lakini umbali wake umebadilika. Kwa hiyo mlango hauishii langoni. Ndani ya nyumba mna milango midogo kati ya sebule na vyumba, na mbunifu anayeibomoa ili "watu waonane zaidi" anaichezea heshima ya watu ambao hakuwauliza.

Anayenipinga ana silaha nzuri hapa, naye huitumia mapema. Kama mlango ndio siri, mbona Facebook ilipojaribu kurudi chuoni ilishindwa? Septemba 2020 ilianzisha Facebook Campus katika vyuo 30 vya Marekani, ikidai barua pepe ya chuo kama zamani, ikiwa na orodha ya wanafunzi, makundi ya kozi na matangazo ya matukio. Ilikuwa wakati wa korona, wanafunzi wamefungiwa vyumbani, na hali ya hewa kwa bidhaa kama hiyo haingeweza kuwa nzuri zaidi. Machi 2022 ikafungwa. Nakubali kwamba mlango peke yake haujengi nyumba. Lakini tazama ulipowekwa: chumba cha vijana kilitengwa ndani ya jengo ambalo mama, shangazi na mwajiri mtarajiwa wanaishi ukumbini, na mle ndani hakukuwa na shughuli ambayo mwanafunzi asingeweza kuifanya kwingine. Mlango unaleta imani. Imani nayo huhitaji kazi ya kufanya, na kazi hiyo lazima iwe ya kila siku. Ndiyo maana naiheshimu 2go ya ratiba kuliko nyumba kubwa zilizoishia Wall Street.

Swali la utambulisho ndilo gumu kuliko yote, na hapa hatuna haja ya kusafiri mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mtandao wa kijamii usio na majina miongo mingi kabla ya simu janja, nao uliitwa Punch, au kwa heshima ya kejeli, Mzee Punch. Yalikuwa maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani na watu wasiojulikana, ambayo mwanzoni ilisifiwa kwa kuwachapa wakubwa kwa kejeli. Kwa kuwa aliyeandika hakujulikana, na umati uliosoma ulikuwa mkubwa na wenye kucheka, ubao ule uligeukia wanyonge, hasa wanafunzi wa kike. Aliyepigwa Punch alitengwa, na aliyesalimiana naye alijiweka hatarini. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike aliyekuwa akiandamwa namna hiyo alijiua, na ghadhabu iliyofuata, pamoja na sauti za wanawake ndani na nje ya chuo, ndiyo iliyouondolea ubao ule uhalali. Hapakuwa na seva, hapakuwa na simu. Kulikuwa na umati unaofahamiana, ukuta mmoja na mwandishi asiyejulikana, na vitu hivyo vitatu vilitosha kuua.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye vijana wawili waliosoma Chuo Kikuu cha Furman, South Carolina, waliujenga ukuta uleule kwa programu. Yik Yak ya mwaka 2013 ilimruhusu yeyote aliye karibu na eneo la chuo kuandika bila jina, na wote walio karibu wakasoma. Ndani ya mwaka mmoja ilithaminiwa dola milioni 400 hivi. Kukawa na vichekesho vizuri sana, na kukawa na vitisho vya risasi vilivyoleta polisi madarasani, ubaguzi, na wasichana kuchafuliwa kwa majina yao na watu wasio na majina. Mwaka 2016 wenyewe walijaribu kuwalazimisha watumiaji wachague jina la kuonekana, watumiaji wakakimbia, na 2017 programu ikafungwa. Ilifufuliwa 2021 lakini ile nguvu ya mwanzo haikurudi. Anayetaka leo kuanzisha programu ya "kuungama" chuoni kwetu, na wapo wanaofanya hivyo kwa akaunti za Instagram na Telegram, anarudisha Punch ukutani huku akidhani amevumbua kitu.

Pingamizi la pili ni zito, na sioni haya kusema kwamba nimelipima mara nyingi. Mwanafunzi asiye na uso ana sababu halali za kuwa hivyo. Rushwa ya ngono vyuoni haikuzushwa na wanaharakati: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kama kosa, na TAKUKURU yenyewe, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, imefanya utafiti juu yake katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Msichana anayeambiwa achague kati ya sapu (mtihani wa marudio) na chumba cha wageni hawezi kuandika habari hiyo kwa jina lake kwenye grupu ambalo CR ni mtu wa karibu wa mwalimu huyohuyo. Tukilazimisha majina kila mahali, tumemnyamazisha. Jibu langu ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kujificha mbele ya umati ni jambo moja. Kuficha jina unapopeleka shauri kwa mwenye dhamana ni jambo jingine kabisa. Umati haupaswi kupokea maneno yasiyo na mwenyewe juu ya mtu mwenye jina. Sanduku la mashauri, ambalo ujumbe wake unasomwa na dawati la jinsia au mshauri wa wanafunzi tu, na ambalo programu haihifadhi namba ya aliyeutuma, linaweza kuwa bila jina tangu mwanzo hadi mwisho. Punch ilikuwa na umati na haikuwa na mpokeaji mwenye wajibu. Sanduku lina mpokeaji mwenye wajibu na halina umati. Tofauti hiyo ya ujenzi inaokoa mengi kuliko kanuni kumi za maadili zinazobonyezwa "nakubali" bila kusomwa.

Sasa WhatsApp. Wengi watasema, na si wajinga, kwamba mjadala huu umeshakwisha: wanafunzi wote wako huko, bando za bei nafuu zinaibeba, na hakuna atakayepakua programu nyingine kwa ajili ya tangazo la kipindi. Kwa upande wa mazoea wako sahihi, na mbunifu asiyeiheshimu nguvu hiyo atafilisika. Lakini WhatsApp ilijengwa kwa ajili ya watu wanaopeana namba kwa hiari, na darasa ni mkusanyiko wa watu ambao hawajapeana chochote. Kwa miaka mingi grupu lilikomea watu 256, mwaka 2022 likapanuliwa hadi 512 kisha 1,024, na kila nyongeza ilimaanisha wageni wengi zaidi wanaoiona namba yako. Kwetu namba si namba tu. Ukianza kumtumia mtu pesa, jina lake kamili la usajili hutokea kwenye kioo kabla hujathibitisha. Basi msichana aliyeuliza swali la kawaida kuhusu mazoezi ya semina mbele ya watu mia nne amekwisha kumpa kila mmoja wao namba yake, na kwa mbofyo mmoja wa M-Pesa, jina lake la kwenye kitambulisho. Usiku anapokea "mambo" kutoka kwa mtu asiyemjua. Wengi hujifunza haraka: wanaacha kuuliza. Grupu la watu mia nne hubaki na wasemaji kumi na watano, na tukijiuliza kwa nini wanawake hawachangii, mlango wenyewe unatupa sehemu ya jibu.

Kuna na yule anayechelewa. Majina ya wanufaika wa mkopo hutoka kwa awamu, na mwanafunzi ambaye jina lake limetoka mwisho huripoti wakati wenzake wamekwisha kufanya zoezi la kwanza. Akiunganishwa kwenye grupu, kwa desturi ya WhatsApp haoni lililoandikwa kabla yake. Anaanza kuomba: nani ana notsi za wiki ya kwanza, nani ana muhtasari wa kozi. Aliyekosa hela ndiye pia aliyekosa taarifa, na mtandao unamwongezea adhabu juu ya adhabu. Mtandao uliojengwa juu ya kozi badala ya namba za simu ungemkabidhi ubao wote siku anapoingia, tangazo la kwanza likiwa lilelile waliloliona wenzake.

Mlango mzuri, basi, ni namba ya usajili. Chuo kinajua nani amesajiliwa katika kozi gani, programu inaulizia mfumo wa usajili swali moja tu, "huyu yumo au hayumo?", na kupokea ndiyo au hapana. Jina linaonekana kwa wanakozi, namba ya simu haionekani kwa yeyote mpaka mwenyewe aitoe. Papo hapo anayepinga anainua mkono kwa mara ya tatu: umempa mkuu wa chuo ufunguo. Mwaka wa mgomo, mwaka ambao bumu la mkopo limechelewa na watu wamekasirika, utawala utataka kujua nani aliandika nini. Hofu hiyo haitoki hewani. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alifikishwa mahakamani mwaka 2016 chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake, na kila mwenye kuendesha jukwaa la watu Tanzania anaijua kesi ile. Ahadi ya mwenye programu kwamba "hatutatoa" haina uzito akiandikiwa hati. Kinga iliyo na uzito ni kutokuwa na cha kutoa. Mazungumzo ya kijiweni yafutike yenyewe baada ya wiki chache, swali lililoulizwa kwenye mfumo wa usajili lisiache kumbukumbu ya nani aliingia saa ngapi, na seva isiwe chini ya ofisi ya nidhamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inataka taarifa zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika na kwa lengo linalotajwa. Wabunifu huiona kama mzigo wa makaratasi, ilhali ndiyo ngao yao ya kwanza siku hati hiyo inapofika mezani.

Tukishaweka mlango, mambo ya ndani yanakuwa mepesi kuliko watu wanavyodhani. Kwa mbao za matangazo za zamani, zile zenye kioo na kufuli, kila mtu alijua kwamba pale husomwa na hapaongelewi. Maongezi yalikuwa kijiweni, chini ya mti. WhatsApp ilivichanganya vyote viwili, na ndiyo maana tangazo la Yombo lilizama. Katika mtandao ninaouzungumzia, ubao na kijiwe ni kurasa mbili. Ubaoni anaandika CR na mwalimu peke yao, kwa aina chache zilizopangwa: kipindi kimehama, kipindi kimefutwa, zoezi, tarehe ya mtihani. Tangazo la kipindi kuhama lina saa ya kufa. Likipitwa na wakati linajiondoa. CR anaona ni wangapi wamelisoma bila kuona ni akina nani, maana CR ni mwanafunzi mwenzao, hajaajiriwa kuwahesabu. Kijiweni huko watu wauze pasi zao na kupeana pole kwa uhuru wote, na kimya cha kijiwe kisizuie ubao wala kelele zake zisiufunike.

Ubao wa namna hiyo hauli bando. Mstari mmoja wa maandishi ni baiti mia kadhaa, na unaweza kumfikia mwanafunzi kama ujumbe mfupi wa kawaida hata data ikiwa imezimwa, jambo ambalo lingemwokoa yule wa saa 1 na nusu. Facebook ilipotoa toleo lake jepesi mwaka 2015 kwa ajili ya masoko kama yetu, programu ilikuwa chini ya megabaiti moja, ushahidi kwamba wakubwa wakitaka wanaweza. Simu nyingi vyuoni ni Tecno, Infinix na Itel zenye kumbukumbu iliyojaa, na programu ya megabaiti 90 inafutwa siku mwenye simu anapotaka kupiga picha za mahafali ya dada yake. Notsi na mitihani ya zamani visikae kwenye simu. Vikae mahali pamoja, na kila faili liwe moja, sio nakala arobaini kwenye simu arobaini. Mwenye steshenari nje ya geti amelifahamu hili miaka mingi: anatunza kila kitini kwenye kompyuta moja yenye virusi, kila kozi na folda yake, na wanafunzi wanapanga foleni. Ukimtazama vizuri, yule ndiye mtandao wa kijamii uliofanikiwa kuliko yote chuoni, na mbunifu mwenye busara angemwingiza ndani kama mchapishaji badala ya kupanga kumuua.

Fedha nitazigusia kwa ufupi kwa sababu jibu lake si la kufurahisha. Matangazo ya biashara yanahitaji watu wakae muda mrefu kwenye kioo, na ubao mzuri ni ule unaosomwa kwa sekunde tano kisha simu inarudi mfukoni. Vitu hivyo viwili vinapigana. Anayetaka utajiri wa Facebook itambidi afungue mlango kama Facebook ilivyofungua, na akiufungua hatakuwa tena na mtandao wa wanafunzi. Hilo ni chaguo halali la kibiashara, ila lisiitwe jina lingine. Kinachobaki ni kuuendesha kama maktaba inavyoendeshwa, kwa sehemu ndogo ya michango ambayo wanafunzi tayari hulipa kila mwaka, chini ya mkataba kati ya serikali ya wanafunzi na kitengo cha tehama. Mkataba huo ni muhimu kuliko msimbo, kwa kuwa programu nyingi za aina hii huzaliwa kama mradi wa mwaka wa mwisho na kufa siku mwenyewe anapovaa joho. Aliyeandika anapata kazi Kijitonyama au Nairobi, nenosiri la seva anaondoka nalo.

Swali la nne la mlango, lile la kutoka, ndilo ambalo wabunifu hulisahau kabisa, kwa kuwa katika biashara yao mtu akitoka ni hasara. Kozi ina wiki zake; mtihani wa mwisho ukikusanywa, darasa lile halipo tena. Magrupu yetu hayajui hilo. Grupu la somo la mwaka wa kwanza linageuka, miaka mitano baadaye, kamati ya harusi yenye msisitizo wa kiwango cha chini cha mchango, na hadi mwaka 2022 aliyetaka kutoka alisita kwa kuwa simu ingeandika "ameondoka" mbele ya wote. Wanaotaka kubaki pamoja wabaki, waanzishe chama chao kwa hiari. Chumba cha kozi chenyewe kifungwe, notsi zibaki kwa watakaofuata, maneno ya kijiweni yafutwe.

Lakini kufunga nako kuna ufundi wake. Mfumo wa usajili ukimwondoa mwanafunzi aliyedisko (aliyeondolewa masomoni kwa kufeli) usiku wa matokeo, na programu ikamtoa chumbani dakika hiyohiyo, wenzake mia nne watayasoma matokeo yake kwa kuona jina lake halipo. Vivyo hivyo kwa aliyeahirisha mwaka kwa ujauzito, au kwa ada. Mbunifu aliyefuata mantiki yake vizuri, namba ipo au haipo, ndiye atakayefanya kosa hilo. Kwa hiyo vyumba vyote vifungwe kwa wote siku moja, mwisho wa muhula, kabla matokeo hayajatoka, na vyumba vipya vifunguliwe muhula unaofuata, kila mtu aingie kwa siku yake katika wiki mbili za usajili. Asiyeingia ataonekana kama mtu aliyechelewa kusajiliwa, na kila mwaka hao huwa wengi. Ataamua mwenyewe amwambie nani, na lini.